Uso wa Mama Mira

Pwa, pwa, pwa: viganja viwili vilivyokunjwa kama bakuli, vikipigwa taratibu nje ya ua wa mabati. Kwa mtu mwingine yeyote mjini Kamina, sauti ile ingekuwa hodi. Kwa Jaji Nday Lazare ilikuwa amri ya kuondoka. Aliisikia miaka mingi, na kila alipoisikia aliacha alichokuwa nacho mkononi, hata kama ni tonge la bukari, ugali wa kwao, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba na kusimama huko. Hata leo, akiwa sokoni, mwanamke fulani akimpigia muuza samaki makofi ya shukrani, miguu yake hutaka kuondoka kabla ya akili yake.

Mwenye viganja alikuwa Mama Mira. Hakumzaa Éliane, mke wa Nday, ila ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Udugu wao ulikuwa wa mbali, wa mababu waliozaliwa nyumba moja. Sheria ingeuhesabu kwa vidole mpaka ichoke. Lakini kwa Waluba wa vijiji vinavyozunguka Kamina hakuna cha kuhesabu. Aliyemlea mkeo ni mama mkwe wako, na mama mkwe hatazamwi usoni. Huli naye, huketi naye, hupishani naye njiani. Heshima hiyo ni nzito kiasi kwamba watu wawili hawawezi kuibeba wakiwa karibu. Kila mmoja hushika upande wake, na nafasi iliyo katikati huachwa wazi.

Kwa hiyo Nday alimjua Mama Mira kwa nyuma tu: kitenge cha rangi ya kutu, mgongo mpana, kisigino kimoja kilichopasuka. Uso wake hakuujua.

Nday alizaliwa kijijini, kwa wakulima wa mihogo na mahindi. Masika baba yake alilima, kiangazi alibeba magunia kwenye ghala la tajiri mmoja mjini, hadi siku msimamizi alipomwelekezea kidole na kusema, "Weye, usirudi." Hakuna aliyemwambia kwa nini. Mzee alirudi nyumbani akaketi na swali lile kama mtu aliyeketi na mgonjwa, na mwishowe akazikwa nalo.

Ndiyo maana, aliposoma sheria Lubumbashi, wenzake wakitamani kesi za migodi na viwanja, yeye alichagua kesi za kazi. Walimcheka kwa kujitakia walinzi na watumishi wa ndani. "Nday, utakuwa juge ya ba sentinele na ba boyi!" walimwambia. Naye akawajibu, "Ba sentinele nao banakulaka."

Alizunguka miji kadhaa kabla ya kurudishwa Kamina, nywele zimeanza kugeuka mvi. Mahakama yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na viti vitatu nyuma yake. Katikati aliketi yeye. Upande mmoja mshauri anayetoka kwa wafanyakazi, upande wa pili mshauri anayetoka kwa waajiri, kama sheria inavyotaka. Huyu wa waajiri alikuwa Abedi Ramazani, muuza vitenge, Mwislamu wa asili ya Maniema, ambaye babu zake walifika upande huu na biashara na hawakuona sababu ya kurudi. Abedi alipenda utani kuliko chai. Lakini kesi ikisomwa alikunja mikono juu ya tumbo na kusikiliza kama mtu anayepima kitambaa.

Nday alikuwa na njia yake ya kuhukumu. Mfanyakazi aliposimama mbele yake, hakumuuliza kwanza amekosewa nini. Alimuuliza, "Asubuhi ukifika kazini, unaanza na nini?" Mawakili walivuta pumzi, wakatazama dari. Mfanyakazi naye alishangaa, kisha akaanza kueleza, na mikono yake ikaanza kueleza pamoja naye. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mlinzi mmoja aliyefukuzwa kwa kusinzia getini alikuwa akimwoshea bosi magari mchana kutwa, akipalilia bustani yake, na kumpeleka mbwa wake matembezini.

"Na mbwa je, alikuwa analala?" Abedi aliuliza.

"Mbwa alikuwa analala vizuri, Papa Abedi."

Kesi iliyomfanya ajulikane ilikuwa ya waashi waliokuwa wakichukua mifuko mitupu ya saruji kwenda nayo nyumbani. Walifanya hivyo tangu zamani, wakubwa wote wakiona. Akaja mkubwa mpya, akawaita wezi, akawafukuza. Nday alisoma hukumu yake polepole: kitu kilichoachwa mbele ya macho ya wote, mwaka hata mwaka, hakiwezi kugeuka wizi asubuhi moja kwa sababu bosi mpya ameamka vibaya. Maneno hayo yalitembea mjini. Wanawake wa sokoni waliyatumia kugombana na wakusanya ushuru.

Basi ikaja habari ya Mama Mira.

Alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda kimoja cha unga, ng'ambo ya reli. Aliwakorogea watu bukari kwa mwiko mrefu kama kasia, akawapikia maharagwe na sombe ya majani ya mihogo. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, yalikuja katika pipa, na pipa likiisha hubaki chini mashapo mazito, meusi, yenye mchanga, ambayo hakuna mtu angeyatia chunguni. Wapishi waliyachota kwenye bidoni, vidumu vidogo vya plastiki, wakaenda kuchemshia sabuni. Mameneja walikuja na kuondoka, kila mmoja akawaona wakitoka na bidoni zao, akawaaga kwaheri.

Akaja meneja mpya. Alisimama getini saa ya kutoka, akamzuia Mama Mira, akanusa bidoni. Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimsimamisha katikati ya kiwanja, bidoni kichwani, mbele ya watu wale wale aliokuwa akiwashibisha.

"Muangalie mwizi wenu," meneja alisema.

Wengine waliinamisha macho. Mmoja alicheka, labda kwa woga tu. Lakini kicheko ni mbegu; kufikia juma lililofuata, Mama Mira akipita mtaani, aliitwa Mama Bidon.

Inspekta wa kazi alijaribu kuwapatanisha, kama inavyopaswa kabla ya kwenda mahakamani. Kiwanda kilikubali kumpa kitu kidogo ili mambo yaishe kimya kimya. Mama Mira akasukuma karatasi pembeni.

"Kazi, siitaki tena. Magoti yangu imeisha," alisema. "Minyi ninataka kintu moja. Juge aseme mbele ya bantu: Mira haiko mwizi. Akisema ile, ninaenda kulala."

Karani Kyungu alipoliweka jalada mezani, Nday alisoma ukurasa wa kwanza, na kabla hajaufunua wa pili alishajua mwisho wake. Ilikuwa mifuko ya saruji tena. Kikao kimoja kingetosha: wapishi wawili waseme, meneja ajibu, hukumu isomwe. Kisha akarudi juu na kulisoma jina, na mkono wake ukaanguka juu ya karatasi kana kwamba si wake.

Alijiona pale kwenye kiti cha katikati, na Mama Mira amesimama mbele yake, uso kwa uso, akimuuliza: asubuhi ukifika kazini, unaanza na nini? Damu ilimpanda masikioni kwa aibu.

"Nitajiondoa," alimwambia Abedi baada ya kikao cha siku ile.

"Sheria inakukataza?"

"Sheria haina neno. Kwa sheria yeye ni mtu wa mbali. Lakini mimi ni mkwe wake."

Abedi akatikisa kichwa. "Nyinyi Baluba! Mama mukwe akitokea, munakimbia kama panya. Kwetu mama mukwe anakuja, anakamata chumba, anakula samaki yote ya Kinkondja, na kurudi harudi. Njo siye tungepaswa kukimbia!"

Walicheka wote wawili. Nday akaandika kwamba anajiondoa, akatia sahihi.

Nyumbani, Éliane alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza bila kuinua macho.

"Nani sasa ataikata ile kesi?"

"Watatuma juge mwingine, kutoka Lubumbashi. Hapa niko peke yangu wa kesi za kazi."

"Anakuja siku gani?"

"Atakuja."

Éliane akapeperusha ungo, makapi yakaruka. "Mama alifurahi sana," alisema. "Alisema Mungu anajua, njo maana alimupa mukwe wa namna hii."

Mji ulimsifu Nday. Siku zile ambapo kila mtu anajua mahakama fulani ambamo shemeji amemhukumia shemeji, watu walisema: tazama mtu aliyekataa kumhukumia mama mkwe wake. Baada ya misa walimshika mkono. Alizipokea sifa zile kwa unyenyekevu, na hakuna ajuaye ni raha kiasi gani aliyoipata ndani yake. Yeye mwenyewe hakutaka kujua.

Lakini jaji wa Lubumbashi hakuja. Kwanza ilisemekana barua haijafika; kisha kwamba imefika lakini aliyeteuliwa anaumwa; kisha kwamba treni imeharibika njiani; kisha aliyepona akahamishiwa kwingine. Na kila kesi ilipopangiwa siku, Mama Mira alikuja. Alivaa kitenge chake kizuri na kilemba cha buluu, akaketi kwenye benchi la mbele kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nday naye, kwa heshima, alihamia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Kupitia mbao nyembamba alimsikia Kyungu akitangaza kwamba kesi imesogezwa. Alisikia benchi likilia mtu anapoinuka. Halafu, kutoka uani, sauti ya kijana fulani anayengojea kesi yake:

"Mama Bidon, bado tu?"

"Bado, mutoto yangu. Na weye?"

"Minyi nami bado."

"Haya. Tutakutana."

Alilijibu jina lile. Hilo ndilo lililomchoma Nday zaidi: alilijibu kama mtu anayelijibu jina la ubatizo.

Jumapili moja alasiri makofi yalisikika kwenye ua, na Nday akaenda nyuma kama kawaida. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, migomba ilikuwa ikidondoka maji, akasimama karibu na ukuta, chini ya paa. Mama Mira aliwekewa kiti upande wa pili wa ukuta ule ule, mgongo wake ukiuelekea. Kati yao palikuwa na matofali tu, na dirisha dogo la jikoni alimosimama Éliane.

"Éliane," Mama Mira alisema kwa sauti kubwa kupita haja, "ambia bwana yako, mukwe yake anamusalimia."

Éliane akageuza kichwa. "Papa Béni, mama anakusalimia." Béni alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akisoma Lubumbashi.

"Ambia mama nami ninamsalimia sana. Magoti iko namna gani?"

"Mama, anauliza magoti."

"Ambia yeye magoti iko inanguruma kama mashini ya unga. Nikisimama, majirani banasema treni imefika." Alicheka mwenyewe, kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake. "Éliane, uliza bwana yako. Ule juge wa Lubumbashi anakuja na miguu?"

"Papa Béni—"

"Nimesikia," Nday alisema. Maji yalidondoka. "Mwambie barua zinaenda. Mwambie wanatafuta mtu."

"Ambia yeye," Mama Mira alisema, na sasa sauti yake haikuwa kubwa tena, "minyi nilipikia bale bantu, hakuna hata moja aliyelala njaa mu mikono yangu. Leo hata ule niliyemupa ukoko akiwa mugonjwa, ananiita Mama Bidon. Ambia yeye sitaki bantu banizike na ile jina."

Éliane hakurudia maneno hayo. Alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha na kuangalia chini.

Akilini mwa Nday yalipita maneno mengi ya sheria, mazuri, yaliyopigwa pasi. "Mwambie avumilie kidogo," alisema.

"Ambia yeye ninavumilia," lilikuja jibu kutoka nyuma ya tofali. "Nifanye je tena?"

Abedi ndiye aliyemfungua macho, tena bila kukusudia. Ilikuwa dukani kwake, Nday amekwenda kumnunulia Éliane kitenge. Abedi alikuwa akikunja vitambaa na kuchokoza, kama desturi yake.

"Bwana Juge, ile haya yenu na mama mukwe haina dawa? Ni mpaka kaburi?"

"Dawa iko," Nday alijibu, macho yake kwenye rangi za vitenge. "Mkwe akitaka, anapeleka kuku kwa wazee wa upande wa mwanamke. Wanakaa, kuku anapikwa, mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja. Basi, uso umefunguliwa. Tangu siku ile munaonana, munazungumza kama watu."

Mikono ya Abedi ikasimama juu ya kitambaa.

"Kuku," alisema.

"Eeh, kuku. Mwenye uwezo anapeleka mbuzi."

"Kuku moja, Bwana Juge?"

Nday akainua macho. Alingoja utani, na utani haukuja. Abedi alikuwa akimtazama kwa huruma, na huruma ile, kwenye uso ambao daima ulikuwa na mzaha, ilitisha.

Alirudi nyumbani bila kitenge. Njia nzima alijiuliza vipi hakuliona. Alilijua jambo la kuku tangu utotoni. Alikwisha kula kwenye karamu za namna hiyo, akalamba na mchuzi. Sheria ilimruhusu kuketi, na mila ilikuwa na mlango wake, na mlango ule ulifunguka kwa kuku mmoja. Lakini kumpeleka kuku yule kungeleta maneno: jaji ameanza kula na mama mkwe, ngoja tuone hukumu. Kujiondoa hakukuwa na maneno. Kujiondoa kulikuwa safi. Aliuchagua usafi wake, na bei ya usafi ule akaacha ilipwe na mwanamke mwenye magoti mabovu kwenye benchi la mbele.

Siku ile ile alimwandikia mkubwa wake Lubumbashi, akiomba arudishiwe kesi aliyoiacha. Na jioni alimwambia Éliane amtafute mjomba Kabamba, mzee wa upande wao, amuulize siku ya kupokea kuku.

Éliane alimgeukia. "Sasa?" aliuliza tu.

"Sasa."

Mzee Kabamba alikubali, akataka kuku mweupe, akataja Jumamosi. Kuku akanunuliwa, akafungwa mguu kwenye mchungwa uani, akawa anafukua mchanga.

Alhamisi Mama Mira alianguka bombani, ndoo ikiwa bado haijajaa. Damu ilikuwa imepanda kichwani. Walimbeba kwa baiskeli, mmoja akisukuma, wawili wakimshika ubavuni, mpaka hospitali. Alikuwa hai. Lakini upande mmoja wa mwili ulikuwa umekwenda, na ulimi nao.

Ijumaa adhuhuri Nday alitoka mahakamani katikati ya vikao, akapita nyumbani, akamfungua kuku. Aliingia hospitali akiwa na suti, tai, na kuku mweupe kwapani. Éliane na mzee Kabamba walikuwa wamesimama koridoni. Muuguzi akamkimbilia.

"Papa! Hapa iko hopitali, haiko soko!"

"Ninajua, mama."

"Kuku haiingie!"

"Haiingii. Ni ya mzee huyu."

Akapiga goti kwenye sakafu iliyonuka dawa, akamnyoshea Kabamba kuku kwa mikono miwili. Mzee alimwangalia kuku, akamwangalia mkwe. Hapakuwa na sufuria, hapakuwa na moto, wala wazee wengine wa kushuhudia. Yule ambaye angekula naye sahani moja hakuweza kumeza hata maji.

"Hii haiko namna yake," Kabamba alisema.

"Ninajua, baba."

Mzee alitazama mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha akampokea kuku, akampa Éliane amshike, akafuta mikono kwenye suruali. "Nimepokea," alisema. "Ingia, mutoto."

Nday aliingia. Kwa mazoea ya miaka mingi aliingia akitazama ukuta, akaufuata ukuta mpaka kitandani, na hapo ukuta ukamwishia. Akageuka.

Uso ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Muda wote ule Nday alikuwa amejitengenezea uso mwingine akilini, uso mpana wa kufanana na mgongo. Huu ulikuwa mwembamba, wenye chale ndogo za zamani kwenye paji, na mdomo uliovutwa upande mmoja kana kwamba mtu alikuwa akimfinya. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu. Jingine lilimwona. Lilishtuka kwanza, likataka kukimbia, kama lilivyofundishwa, kisha likabaki. Koo lake likatoa sauti isiyo na neno, mara moja, na tena, kama mtu anayegonga mlango ambao wenyewe wamehama.

Nday alijua vizuri mahali aliposimama. Hakuwa na joho. Washauri hawakuwapo, wala karani wa kuandika. Meneja hakuwa ameitwa, barua yake ya kuiomba kesi ilikuwa haijajibiwa, na kesi yenyewe ilikuwa bado inamngoja mtu wa Lubumbashi. Neno lolote atakalolisema hapa, mahakama yoyote ingelihesabu sawa na upepo. Watu ambao mama huyu alitaka walisikie walikuwa mbali, ng'ambo ya reli, wakila chakula cha mpishi mwingine.

Akainama mpaka midomo yake ikawa karibu na sikio la Mama Mira. Éliane, mlangoni, na kuku kifuani, aliona tu mabega ya mumewe yakishuka, na jicho lile moja likijaa maji.

"Hukuiba, mama," alisema. "Hukuiba."